Mazungumzo ya Nyumbani: Habari ya Kuhamisha Deni

 

Mwezi uliopita tuliahidi kujibu barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Salale. Jina lake hatulitaji, wala halina haja kutajwa, maana twajua kwamba wako wengi walio katika hali kama yake, ila wao hawakuandika. Mwalimu huyu asema ya kuwa mwaka 2024, mafuriko ya mwezi wa Aprili yalipoingia mashamba ya mpunga katika Rufiji na Kibiti, jamaa zake walikosa mavuno, naye akakopa fedha kwa mkopeshaji mmoja wa mjini ili awalishe. Fedha zile zilipochelewa kulipwa, akakopa kwa mwingine amlipe yule wa kwanza. Kisha akakopa na kidogo katika simu, akarudia, akarudia tena. Mkewe ajua deni la kwanza; yale mawili hayajui. Na sasa mwana wao mkubwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni ya mbali, naye ahitaji nauli, godoro na nguo.

Basi mwalimu alikwenda benki, akaomba benki imlipie madeni yake yote matatu, ili yeye awe na mdai mmoja tu, mwenye riba ndogo. Akakataliwa. Atuuliza, “Nifanye nini nipate kukubaliwa?” Na chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, ameuliza neno jingine, nalo tutalijibu mwishoni.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengine hawalijui. Kuhamisha deni ni kulitoa deni kwa mwia mmoja na kulipeleka kwa mwia mwingine. Deni halifi, labadili nyumba tu. Katika nchi za Marekani na Uingereza watu wengi hununua vitu kwa kadi za mkopo, na deni la kadi likiwalemea huomba kadi nyingine ya kulihamishia. Kadi hiyo mpya huenda isitoze riba yoyote kwa muda wa miezi 12, hata 21, ila mwenye kuhamisha hutozwa ada ya asilimia 3 mpaka 5 ya deni papo hapo. Muda ule ukiisha kabla deni halijaisha, riba hurudi, na huko Marekani mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Tena benki haikubali kumhamishia mtu deni lililo katika kadi yake yenyewe. Yataka deni la benki nyingine. Na kabla ya kumkubali, humtazama mtu katika daftari la sifa zake za kulipa, ambalo kule Marekani hupewa hesabu ya alama toka 300 hata 850.

Kwetu kadi za namna hiyo ni chache, wala mwalimu wa Salale hana haja nazo. Lakini jambo lenyewe liko, kwa sura nyingine. Mabenki ya Tanzania huwa tayari kununua deni la mtu mwenye mshahara: benki humlipa mkopeshaji wa kwanza, kisha hukata mshahara wa mdeni mwezi kwa mwezi. Hata vyama vya akiba na mikopo hufanya hivyo kwa wanachama wao. Na namna ya kumpima mwombaji ni ile ile ya Marekani: hutazamwa kama aliahidi akatimiza.

Kabla ya kusema namna ya kukubaliwa, yatupasa kuuliza kama kuhama kwenyewe kuna faida. Wengi huhama kwa furaha, wasione ya kuwa wamehamia shimo refu zaidi. Na tufanye hesabu. Tuseme deni lote ni shilingi 1,500,000, kwa mkopeshaji atozaye asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo Benki Kuu ya Tanzania ilichowawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani makampuni na watu wanaokopesha pasipo kupokea akiba. Mdeni akilipa kwa mafungu sawasawa muda wa miezi 12, atatoa kama shilingi 155,000 kila mwezi, na riba yote itakuwa kama shilingi 363,000.

Sasa tuseme benki inunue deni lile kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Akilipa kwa miezi 12, kila mwezi atatoa kama shilingi 137,000, na riba yote haifiki shilingi 142,000. Amepata faida kubwa. Akiona fungu lile ni zito, akalipa kwa miezi 24, atatoa kama shilingi 74,000 kwa mwezi, na riba itakuwa kama shilingi 280,000. Bado amepona. Lakini karani akimwambia, “Mwalimu, chukua miaka sita, makato yatakuwa madogo,” basi kila mwezi atakatwa kama shilingi 33,000 tu, naye atashangilia. Kumbe riba yote itakuwa imefika shilingi 902,000! Ni zaidi ya mara mbili ya ile aliyoikimbia. Riba ndogo iliyokaa miaka mingi hula kuliko riba kubwa iliyokaa siku chache. Kwa hiyo mwenye kuhama na aulize mambo matatu: riba ni kiasi gani kwa mwaka, ada na bima ni kiasi gani, na jumla ya fedha zote nitakazolipa mpaka siku ya mwisho ni kiasi gani. Asiyeuliza hilo la tatu hajauliza kitu.

Ikiwa hesabu yaonyesha faida, ndipo mtu ajitengeneze apate kukubaliwa. Twaona mambo saba yafaayo.

La kwanza, ayajue madeni yake. Achukue daftari, aandike kila deni katika mstari wake: jina la mwia, fedha aliyokopa, aliyokwisha kulipa, iliyobaki, na siku ya mwisho. Kisha aende kwa kila mwia aombe hati iliyoandikwa, ionyeshayo fedha ya kulimaliza deni leo. Benki haitalipa kwa maneno ya kinywa. Tena mara nyingi mtu huona ya kuwa hesabu ya mwia haipatani na yake. Ni heri kulijua jambo hilo mapema, risiti zikiwa bado zipo.

La pili, aipime nafasi ya mshahara wake. Kwa watumishi wa serikali iko kanuni ya kwamba makato yasipite theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Theluthi moja sharti imfikie mwenyewe. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 720,000 hana budi kubakiwa na shilingi 240,000. Zile 480,000 si zote za mkopo. Ndani yake hutoka kwanza kodi, na fedha ya uzeeni, na bima ya afya. Na aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize. Kilichobaki baada ya hayo ndicho benki iwezacho kukigusa. Waalimu wengi hukataliwa kwa sababu hii tu, wala si kwa ubaya wowote: hawana nafasi. Basi mtu wa namna hiyo asipoteze nauli ya kwenda mjini mara tatu. Na alipe kwanza deni moja dogo likatwalo katika mshahara, nafasi ifunguke, ndipo aombe.

La tatu, aitazame habari yake katika daftari la wakopaji. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 yako makampuni yaliyopewa ruhusa kukusanya habari za wakopaji wa nchi nzima; miongoni mwao ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Benki hutazama humo kabla ya kukopesha. Mtu aweza kuomba kuiona taarifa yake mwenyewe, na akikuta kosa, kama vile deni alilokwisha kulipa kuandikwa bado lipo, aweza kudai lisahihishwe, akipeleka risiti. Tena na tusidharau deni la simu. Mtu husema, “Ni shilingi elfu kumi tu, watanifanya nini?” Elfu kumi ile isipolipwa huweza kuandikwa pale pale zilipoandikwa milioni, na karani aisomaye hajui kwamba ulisahau, aona tu ya kuwa hukulipa.

La nne, akae miezi kadhaa katika uaminifu wa wazi. Miezi sita ya kulipa kila fungu kwa siku yake, hata kama ni fungu dogo, husema zaidi kuliko barua ndefu ya kujieleza. Katika miezi hiyo asikope mkopo mpya, wala asizunguke benki nne kwa wiki moja akiomba kila mahali. Maombi mengi ya haraka huonekana, nayo humfanya mtu aonekane kama atafutaye maji nyumba ikiwaka moto. Na achague mahali pamoja, auulize masharti kwanza pasipo kujaza karatasi, ndipo aombe mara moja.

La tano, karatasi zake zipatane. Jambo hili lawahusu Wakristo zaidi. Wengi wetu tuna jina la nyumbani tulilopewa na babu, na jina la ubatizo. Cheti cha shule kina moja, kitambulisho cha taifa kina jingine, na hati ya mshahara imeandikwa yote mawili kwa kugeuzwa. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa mashine ya benki ni watu watatu. Tazama karatasi zako zote, na palipo na tofauti utafute kiapo cha mwanasheria au usahihishwe katika ofisi ya vitambulisho kabla ya kuomba. Pamoja na kitambulisho, andaa hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya akaunti ya benki, barua ya mwajiri, na zile hati za wawia tulizozitaja. Mtu wa delta atokaye kwa mashua mpaka Nyamisati, kisha kwa gari mpaka Bungu na Kibiti, akirudishwa kwa sababu ya karatasi moja amepoteza siku mbili na nauli ya wiki.

La sita, aseme kweli. Wako wafundishao kwamba mwombaji afiche deni moja ili aonekane mwepesi. Ushauri huo ni mbaya mara mbili. Ni mbaya kwa sababu ni uongo, nasi tumeitwa watu wa nuru. Tena ni mbaya kwa sababu deni lile huonekana katika taarifa, na aliyekuwa mdeni tu sasa amekuwa mdeni na mwongo. Ikiwa alichelewa kulipa kwa sababu ya mafuriko au ugonjwa, na aandike hivyo kwa maneno machache, aonyeshe na siku aliyoanza tena kulipa. Makarani nao ni watu.

La saba, aombe fedha ya kumaliza deni, wala asiombe na ziada. Akiomba 1,500,000 za madeni, kisha akaongeza 700,000 “za matumizi”, hupunguza nafasi ya kukubaliwa, naye hujiongezea mzigo. Ile ziada ndiyo iwarudishayo wengi utumwani. Godoro la mtoto na lipatiwe njia nyingine.

Wasomaji wetu wengine watasema, “Hayo ni ya wenye mshahara. Sisi twavua kamba, twalima mpunga, twauza ndizi na nazi.” Kweli, nao wana njia yao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua na vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa, ndivyo daraja la nne, na vyama vya akiba na mikopo, ndivyo daraja la tatu. Asiye na hati ya mshahara, daftari la kikundi ndilo hati yake. Mwanamke aliyeweka akiba yake kila wiki kwa miaka miwili, na vitabu vya kikundi vikaonyesha hivyo, ana ushahidi wa uaminifu. Mvuvi naye na aandike kila siku alichouza na bei yake. Baada ya mwaka atakuwa na kitabu cha kumwonyesha mtu yeyote. Na akikopa, aombe siku za kulipa zifuatane na bamvua na mavuno. Kulipa kwa wiki kunamwumiza mtu apataye fedha kwa majira.

Mikopo ya halmashauri itolewayo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini mikopo ile ni ya kazi ya kikundi, si ya kulipia deni la mtu mmoja. Akiitumia hivyo amewaibia wenzake. Nao jirani zetu Waislamu, tukaao nao kwa amani katika vijiji hivi, wasiotaka kugusa riba, wako mabenki ya Tanzania yenye huduma pasipo riba. Nao vilevile na waulize jumla ya fedha zote watakazolipa.

Hapa hatuna budi kuonya. Wako wakopeshaji wamwambiao mwalimu, “Tuachie kadi yako ya benki na namba ya siri, nasi tutakupa fedha leo.” Kumpa mtu kadi na namba ya siri ni kumpa ufunguo wa nyumba na kumwambia ni saa ngapi hupo. Wengine hukopesha kwa programu za simu, kisha mtu akichelewa huwapigia ndugu zake na mkuu wake wa kazi kumwaibisha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha pasipo leseni. Kabla ya kukopa kwa mtu, mwulize leseni yake. Na ikiwa deni lako liko kwa watu wa namna hiyo, hilo ndilo la kulihamisha kwanza.

Tuseme basi umekubaliwa. Kazi haijaisha. Hakikisha fedha ya benki imemfikia mwia wa kwanza, siyo mkononi mwako. Wengi walioshika fedha zile walinunua pikipiki, wakabaki na madeni mawili. Kisha udai barua ya kwamba deni limekwisha, na udai urudishiwe kila ulichoweka rehani: hati ya kiwanja, kadi, au cheti. Angalia na hati ya mshahara ya mwezi ufuatao, makato ya zamani yakoma kweli, maana mara nyingine hukatwa mara mbili. Baada ya miezi mitatu, tazama tena katika daftari la wakopaji kama deni la kwanza limeandikwa kuwa limelipwa.

Na ukikataliwa, usikate tamaa, wala usikimbilie mkopeshaji wa nne. Uliza sababu, uiandike. Nenda kwa wawia wako, uwaombe waongeze muda na kupunguza fungu; mwia mwenye akili apenda kulipwa polepole kuliko kutolipwa. Kisha utazame kama mko wengi wa kushikana mikono.

Katika nchi ya Ujerumani alikuwako Mkristo mmoja, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818, akawa mkuu wa vijiji. Wakulima wa huko walikuwa maskini. Walikopa ng’ombe na fedha kwa wenye riba kali, na mwisho ng’ombe walichukuliwa, na shamba nalo. Mwaka 1849, huko Flammersfeld, Raiffeisen aliwakusanya wenye mali wa vijiji vyake, wakawa wadhamini kwa pamoja, wakapata fedha, wakawanunulia wakulima ng’ombe, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka. Baadaye aliona ya kuwa msaada wa matajiri peke yake haudumu. Wakopaji wenyewe hawana budi kuwa wanachama na kudhaminiana. Mwaka 1864 akafanya chama cha namna hiyo huko Heddesdorf. Alikufa mwaka 1888, na vyama vya akiba na mikopo vya dunia nzima, hata hivi vya kwetu, ni katika uzao wa kazi ile. Kilichowaokoa watu wale ni kujulikana: jirani alimjua jirani, akamdhamini. Lakini na mdhamini ajue alifanyalo. Atiaye sahihi kwa aibu atalipa kwa machozi.

Sasa twafika kwenye lile neno la herufi ndogo. Mwalimu aliuliza, “Je, ni lazima nimwambie mke wangu?”

Ndugu yetu, ndiyo. Twajua kwamba ni vigumu. Twajua ya kuwa ulificha si kwa sababu unamdharau, bali ulitaka asiumie. Lakini tazama: kila mwezi mkeo apanga unga, mafuta na sabuni kwa mshahara asioujua. Atakapoona mwana hana nauli, atadhani umezitumia kwa ulevi au kwa nyumba nyingine, na hilo litamwumiza kuliko deni. Tena akijua, huenda akaona njia usiyoiona wewe. Yeye huuza kamba wakavu sokoni. Ajua nani alipa na nani hulimbikiza. Mabenki mengine nayo hudai sahihi ya mwenzi, hasa penye rehani ya nyumba. Ni heri asikie kwako kuliko kwa karani.

Mwakumbuka habari ya mjane aliyemwendea nabii Elisha, naye mwia alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimwuliza kwanza ana nini nyumbani. Mjane alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akatumwa aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, si vichache. Mafuta yakajaa vyombo vyote, akaambiwa ayauze, alipe deni lake, na yaliyobaki awe ayatumia yeye na wanawe. Sisi twaona ndani yake utaratibu mwema: alisema taabu yake wazi, akahesabu kilichopo nyumbani, akawashirikisha wanawe na majirani, deni likalipwa kwanza, ndipo wakala. Mwujiza ni wa Mungu, bali kubeba vyombo kulikuwa kazi yao.

Kwa hiyo, mwalimu, twakushauri hivi. Jumamosi jioni, watoto wakiisha kulala, weka daftari mezani, na mkeo akae karibu na taa. Andikeni madeni yote matatu. Deni la simu limalizeni kwanza, maana ni dogo nalo lakuharibia jina. Lile la mkopeshaji wa pili, ombeni hati ya kulimaliza. Kaeni miezi sita mkilipa kwa siku zake. Kisha urudi benki, na karatasi zako zikiwa zimepatana, uombe fedha ya deni tu, kwa miaka miwili, isizidi. Kuhusu mwana wako, mwambieni mzee wa kanisa lenu. Hatujapata kuona kanisa ambamo watu kumi hawawezi kupata nauli na godoro kwa mtoto mmoja, ila mara nyingi hawakuambiwa.

Nanyi waalimu wengine, mkumbuke ya kuwa kijiji chote chawatazama. Mtoto mfundishwaye hesabu na mtu akimbiaye wadai wake hujifunza hesabu mbili. Na mwalimu alipaye deni lake polepole, pasipo kujificha, amefundisha somo lisilo katika kitabu.

Wasomaji wenye maswali ya nyumbani na waendelee kutuletea barua. Si lazima kuandika jina. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kumdhamini jirani: lini ni wajibu wetu, na lini ni upumbavu.